Macho, jua na mwezi mwandamo: mwongozo wa kulinda retina kwa wakazi wa Lamu

Mchanga wa Shela ukikuingia jichoni utajua papo hapo. Jicho litawasha, litatoa machozi, na hutatulia mpaka uutoe. Retina haina tabia hiyo. Utando huo mwembamba ulio nyuma ya jicho, unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo, hauna mishipa ya kuhisi maumivu. Unaweza kuumia saa tisa alasiri, ukala chakula chako cha usiku vizuri, ukalala, kisha asubuhi ukimtazama mwenzako usoni ukaona doa mahali pa pua yake.

Kwa hiyo ile kauli ya "mbona nilitazama na sikuumia" haina uzito wowote katika jambo hili. Na kusema kweli, sisi huogopa visivyo. Mzazi atamnyang'anya mtoto simu akihofia macho yataharibika, na jioni ya tarehe 29 Shaabani atamwacha apande darini na darubini mkononi huku jua bado liko juu ya minazi. Simu haikuwa na shida. Darubini ndiyo yenye shida.

Hatua ya 1: Elewa kinachoharibika

Mwanga huingia kupitia konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, ukapita kwenye mboni, lenzi ikaukusanya na kuutua juu ya retina. Humo mna chembe hai za kupokea mwanga: takriban milioni 120 za kuonea gizani, na kama milioni 6 za kuonea rangi na mambo madogo madogo. Hizi za rangi zimesongamana zaidi katikati, kwenye kisehemu kidogo ambacho nitakiita kitovu cha retina. Kitovu hicho ndicho unachotumia kutunga uzi kwenye sindano, kusoma msahafu, kumtambua mtu kwa sura.

Ukilitazama jua moja kwa moja, picha yake hutua hapo hapo kwenye kitovu. Haitui pembeni, kwa sababu kutazama kitu maana yake ni kukielekezea kitovu. Ndiyo sababu aliyeumia kwa jua hupita vichochoroni Mkomani bila kugonga ukuta, humkwepa punda na mkokoteni, na bado akashindwa kusoma ujumbe kwenye simu yake.

Madhara hupita njia mbili. Ya kwanza ni joto: mwanga mwingi uliokusanywa huipika retina kwa muda mfupi sana. Leza kali hufanya hivyo, na jua linaloonekana kupitia darubini pia. Njia ya pili ni ya kikemikali, na hiyo ndiyo ya kawaida kwa mtu aliyelitazama jua kwa macho matupu. Jua la namna hiyo huipandisha retina joto kwa digrii chache tu, si kiasi cha kuiunguza. Lakini mwanga wa buluu na ule wa urujuanimno (UV, usioonekana kwa macho) hugusana na kemikali zilizomo ndani ya chembe za retina, na pale penye oksijeni nyingi huzalisha sumu ambazo chembe hizo haziwezi kuziondoa kwa wakati. Sumu haina haraka, hivyo dalili huchelewa kwa saa kadhaa, pengine hadi kesho yake. Tena hujumlika: kuchungulia kidogo saa nne, kidogo saa tano, kidogo saa sita, retina huhesabu yote pamoja.

Watoto wako hatarini zaidi kwa kuwa lenzi zao bado safi na hupitisha mwanga wa buluu na urujuanimno mwingi kuliko za watu wazima. Vivyo hivyo wazee waliotolewa mtoto wa jicho zamani bila kuwekewa lenzi ya bandia. Na kama unatumia dawa inayoambatana na onyo la kukaa mbali na jua, mfano doksisaiklini, ongeza tahadhari.

Jicho lina ulinzi wake wa asili. Mboni hubana, kope hufumba, kichwa hugeuka kabla hujakiamuru. Ulinzi huu unatosha kwa mambo mengi ya kila siku. Watu wamevua samaki chini ya jua la hapa kwa karne nyingi bila kupofuka kwa namna hii. Hatari huanza pale ulinzi huo unapodanganywa, na karibu yote nitakayoyataja hapa chini ni mifano ya udanganyifu huo.

Hatua ya 2: Mwezi mwandamo, darubini ingoje adhana

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu jambo hili hutokea mara nyingi kwa mwaka na sijaona likizungumzwa.

Mji wa Lamu unaangalia mashariki. Ukisimama pwani mbele ya gati unakiona kisiwa cha Manda, na jua huchomoza upande huo. Anayetafuta mwezi hugeuka magharibi, na kwa kawaida hupanda dari ya nyumba ndefu ili aone juu ya minazi. Mwezi wa siku ya kwanza huwa karibu sana na jua, ni uzi mwembamba tu, na hutua muda mfupi baada ya jua. Kwa hiyo anayeutafuta hutazama upande ule ule wa jua. Na siku hizi vijana hawaji mikono mitupu. Huja na darubini, au na kamera yenye lenzi ndefu.

Jua la magharibi huwa limepoa, rangi ya machungwa, jicho halifumbi. Hapo ulinzi umekwisha kudanganywa. Sasa inua darubini: vioo vyake vya mbele, vyenye upana wa milimita 50 mara nyingi, hukusanya mwanga mwingi kuliko mboni yako, na picha ya jua hupanuka juu ya retina kiasi kwamba joto halina pa kukimbilia. Ukiwa unapekua anga polepole ukilipitia jua kwa bahati mbaya, retina inaweza kuungua kabla hujapepesa.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu:

1. Panda mapema, lakini darubini iache ndani ya mkoba wake. Ikiwa watoto wapo, mkoba ashike mtu mzima.

2. Chagua alama pale jua linapoelekea kutua: mnazi fulani, mnara wa simu, paa la makuti. Usilikazie jua lenyewe macho. Alama ndiyo unayoitaka. Kumbuka mahali hapo huhama. Mwezi Desemba jua hutua kusini zaidi ya magharibi, Juni hutua kaskazini zaidi, kwa hiyo alama ya mwaka jana isikuongoze.

3. Subiri adhana ya Magharibi. Kisha ongeza dakika 5, kwa kuwa aliye darini huliona jua likitua kwa kuchelewa kidogo kuliko aliye chini.

4. Baada ya hapo toa darubini, anza juu ya ile alama na upande taratibu. Hapa tulipo, karibu na ikweta, mwezi mchanga mara nyingi hukaa karibu wima juu ya mahali jua lilipotulia, kwa hiyo huna haja ya kupekua mbali.

5. Ukiuona kwa darubini, ishushe, uutafute kwa macho. Namna watu wa dini wanavyoutaka ushahidi wa kuona ni mlango mwingine, siuingii.

Mawingu yasikuhadae. Wingu likilifunika jua, mtu hujiona yuko salama, akaweka darubini machoni, na wingu likafunguka ghafla. Saa ndiyo ya kufuata, si wingu.

Wapo watakaosema kwamba kusubiri kunapoteza nafasi. Sivyo. Kabla jua halijatua anga la magharibi lina mwangaza mwingi mno, na uzi ule wa mwezi humezwa nao. Huanza kuonekana vizuri anga likishafifia, na wakati mzuri zaidi mara nyingi hufika muda unaotenganisha kutua kwa jua na kutua kwa mwezi unapokaribia nusu. Anayetazama mapema hahatarishi macho yake kwa faida. Hakuna cha kuona. Mzee mmoja wa mtaani kwetu huwafokea vijana kwa maneno matatu tu: "Yua litwe kwanda!" Yaani jua litue kwanza. Sina cha kumwongezea.

Hatua ya 3: Kupatwa kwa jua, jiandae kabla ya Agosti 2027

Tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, na Turkana kuliwavuta watu kutoka nchi nyingi. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa tena. Njia ya giza kamili itapita Kusini mwa Uhispania, Afrika Kaskazini, Misri, Saudia, Yemen na ncha ya Somalia. Kwetu litapatwa sehemu tu, mchana kuelekea alasiri. Sehemu tu maana yake hakuna hata dakika moja ambapo itakuwa salama kulitazama kwa macho matupu. Anayeona giza kamili kule Luxor ana dakika 6 na ushei za kutazama bila kinga. Wewe wa Lamu huna hata sekunde.

Na kupatwa ni udanganyifu mkubwa kuliko wote. Mwanga wa jumla hupungua, macho hayaoni shida kulikabili jua, lakini kile kipande cha jua kilichobaki kina ukali ule ule kwa kila sehemu yake. Pale picha yake inapotua, retina haipati nafuu yoyote. Tena mtu ana sababu ya kukazia macho, anataka kuona "limeliwa" kiasi gani.

Kwanza vitu vya kuacha. Beseni la maji ni mazoea ya zamani na wazee hulisifu. Hesabu yake ni mbaya. Kichujio salama hupitisha chini ya asilimia 0.003 ya mwanga, yaani chini ya sehemu 1 kati ya 30,000. Maji yaliyotulia, jua likiwa juu, hurudisha kama asilimia 2, ambayo ni sehemu 1 kati ya 50. Hiyo ni zaidi ya mara 600 ya kinachoruhusiwa. Jua likiwa chini, maji hurudisha zaidi ya hapo. Kioo kilichofukizwa moshi wa kibatari, picha ya eksirei, sidii, miwani mitatu ya jua iliyopachikwa pamoja: vyote hupunguza mng'aro unaokufanya ufumbe macho, na huacha mionzi mingine ipite. Yaani vinamwondoa mlinzi na kumwacha mwizi.

Sasa vya kutumia. Miwani ya kutazamia jua iwe na alama ya ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani hiyo. Alama hughushiwa, kwa hiyo ipime: ivae ndani ya nyumba mchana. Usione kitu. Fanicha, dirisha, mkono wako mwenyewe, usione. Tochi kali ya simu ikiwa karibu inaweza kuonekana hafifu sana, na hiyo ni sawa. Ikiwa unaona mlango, itupe. Ikiwa ina mkwaruzo au tundu, itupe pia. Uinamishe kichwa kwanza, uivae, ndipo uinue macho. Ukimaliza ugeuke kando kwanza, ndipo uivue. Usiivae ukachungulia kwenye darubini au kamera, kwani mwanga uliokusanywa utaitoboa. Kichujio cha darubini hukaa mbele, upande wa jua, si upande wa jicho. Kioo cha fundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa nambari 12 (kipimo cha weusi wake) kwenda juu, na 14 ndicho kizuri. Kama huna hakika ya nambari, kiache.

Ila mimi ningekushauri usinunue chochote. Njia bora ni kutolitazama jua kabisa, ukatazama picha yake. Toboa karatasi ngumu kwa pini, lipe jua mgongo, shikilia karatasi ili jua lipenye tunduni na picha ianguke kwenye karatasi nyeupe kama mita 1 mbele yake. Utaona duara dogo la milimita 9 hivi, na jua likipatwa duara hilo litakuwa na pengo. Ukiongeza umbali, picha hukua na kufifia.

Na Lamu tuna kifaa kizuri zaidi ya hicho, kiko kichwani mwa kila mwanamume. Kofia za kushona kwa mkono, zile zenye safu za vitobo vilivyozungushiwa uzi, kila kitobo hufanya kazi ya tundu la pini. Ivue, inyoshe pembeni yake iwe bapa, iinue juani juu ya kanzu nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa, usogeze mbele na nyuma mpaka vidoa vitulie. Jua likiwa limepatwa, kila kidoa kitakuwa mwezi mdogo, na kofia moja itakupa miezi mia kwa safu, ikifuata mapambo ya mshonaji. Chujio la jikoni hufanya vivyo hivyo, na hata kivuli cha mwarobaini: mianya kati ya majani hutupa miezi ardhini bila wewe kufanya kitu. Watoto hufurahia hii kuliko miwani, na hakuna wa kumchunga mwenzake.

Wanaokwenda kuswali swala ya kupatwa kwa jua wana ulinzi mwingine: wako ndani ya msikiti, wamekabili kibla. Wasiwasi ni wa njiani na wa watoto walioachwa uani.

Hatua ya 4: Moto wa kuchomelea

Ukipita penye matengenezo ya boti au madirisha ya vyuma utauona ule mwanga mweupe wa buluu. Unaleta madhara ya aina mbili na watu huyachanganya.

La kwanza ni la konea, sehemu ya mbele ya jicho. Urujuanimno huichoma, na baada ya saa 6 hadi 12, mara nyingi usiku wa manane, macho huuma kama yamejazwa mchanga. Hili huuma sana na kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja au mbili. La pili ni la retina, linatokana na mwanga wa buluu, haliumi, na laweza kubaki. Mtu akipona lile la kwanza hujiona amepona yote.

Fundi mwenyewe kwa kawaida ana barakoa. Kioo chake kiwe kati ya nambari 10 na 13 kulingana na nguvu ya umeme anayotumia. Miwani ya jua ya dukani haiwi kioo cha kuchomelea hata ikiwa nyeusi vipi. Anayeumia zaidi ni msaidizi anayeshika bomba akigeuza uso "kidogo", pamoja na watoto wanaosimama kutazama cheche. Msaidizi apewe barakoa yake. Kama haipo, kazi ingoje. Turubai au ubao wa plaiwudi uliosimamishwa upande wa kichochoro unatosha kuwakinga wapita njia, na kuusimamisha hakuchukui hata dakika tano.

Kwa macho yaliyochomwa, achana na maziwa, asali au vipande vya viazi. Kitambaa baridi juu ya kope, chumba chenye kivuli, na hospitali. Matone ya ganzi yanayotumiwa na daktari usiende nayo nyumbani. Yakitumiwa mara kwa mara huiharibu konea.

Hatua ya 5: Leza za watoto

Zinauzwa pamoja na vitu vya kuchezea, hasa siku za Idi. Leza ya kalamu iliyo chini ya miliwati 1 haina hatari kubwa, kwa kuwa jicho hupepesa kwa robo ya sekunde na kujinusuru. Juu ya miliwati 5 kupepesa hakutoshi. Tatizo ni kwamba maandishi ya kwenye kalamu za bei rahisi si ya kuaminika, na zile za kijani huweza kutoa pia mionzi ya joto isiyoonekana, ambayo jicho haliwezi kuikwepa kwa kuwa halijui kama ipo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni nyepesi: leza inayochora mstari unaoonekana hewani usiku, au inayounguza karatasi au kupasua puto, si kitu cha mtoto. Ichukue. Mtoto huwa haipigi kwa mwenzake tu. Huipiga kwenye kioo, naye akijitazama, ikamrudia. Na anayeipiga angani kuelekea Manda awekwe wazi kwamba kuna kiwanja cha ndege pale, na rubani anayetua anaweza kufumbwa macho kwa muda.

Hatua ya 6: Baharini, mchangani, na simu

Nahodha anayekaa juani mchana kutwa huumia, lakini si retina inayoathirika kwanza. Jua la miaka mingi huchangia kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho na kusogea juu ya konea, na pia mtoto wa jicho. Shirika la Afya Duniani linasema mchanga mkavu wa pwani hurudisha karibu asilimia 15 ya urujuanimno, na povu la bahari karibu asilimia 25. Kwa hiyo kofia yenye ukingo husaidia, ila haizuii kinachotoka chini. Miwani iwe na alama ya UV400. Weusi wa kioo si kipimo: kioo cheusi kisicho na kinga hufanya mboni ipanuke na kukaribisha mionzi zaidi. Na hata miwani bora kabisa ya jua haikupi ruhusa ya kulitazama jua.

Wavuvi wa usiku wanaotumia taa kali za LED wasizikodolee macho kwa karibu wakati wa kuzifunga au kuzitengeneza, zimeni kwanza.

Simu, televisheni, taa za nyumbani: mwanga wao ni hafifu mno kuiharibu retina. Zinachosha macho na kuharibu usingizi, na hayo ni mazungumzo mengine. Miwani ya "kuzuia buluu" inayouzwa kwa hoja ya kuokoa retina dhidi ya simu, hela yake heri ununue samaki.

Hatua ya 7: Jipime nyumbani

Ikiwa wewe au mtoto wako mmetazama jua, leza au moto wa kuchomelea, msingoje maumivu. Fanyeni kipimo hiki siku hiyo, na mkirudie kesho yake asubuhi, kwani dalili huchelewa.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Chora mraba wa sentimita 10 kila upande, ndani yake mistari ya wima na ya mlalo kila nusu sentimita, upate vyumba 20 kwa 20. Weka nukta nyeusi katikati. Kipimo hiki kilitungwa na daktari wa macho wa Uswisi, Marc Amsler, na hospitali bado zinakitumia.

Kaa penye mwanga mzuri, karatasi iwe kama sentimita 30 kutoka usoni. Kama unatumia miwani ya kusomea, ivae. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza. Tazama ile nukta, usiiondolee macho, na ujiulize: nukta yenyewe naiona? Mistari yote imenyooka, au kuna mahali imepinda, imevimba, imekatika? Kuna doa, ukungu, au rangi isiyo ya kawaida? Kisha jicho la pili. Usiruke jicho moja. Macho mawili yakiwa wazi, jicho lililo zima huficha ubovu wa lenzake.

Mtoto mdogo hatakuelewa ukimuuliza kuhusu mistari. Mpe kalamu, mwambie achore juu ya karatasi pale "palipoharibika". Au msimamishe mbele ya mlango wa nakshi, jicho moja limefunikwa, atazame ua la katikati na akuambie kama miimo imesimama wima.

Doa la rangi linalobaki baada ya kutupia macho taa huondoka kwa dakika chache. Likiendelea kuwepo saa kadhaa baadaye, au likikutwa kesho yake, si la kawaida.

Hatua ya 8: Ukikuta kasoro

Nenda hospitali ya kaunti, useme wazi kwamba unataka kuonwa na mhudumu wa macho. Ukipewa barua ya kwenda Malindi au Mombasa, usiiweke mfukoni mpaka mwisho wa mwezi. Kule wanaweza kuipanua mboni kwa matone na kuitazama retina, na penye mashine ya kupiga picha za tabaka zake, kidonda kidogo sana huonekana. Mboni ikishapanuliwa utaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiende peke yako kama safari ya kurudi ina boti.

Ukweli ni kwamba hakuna dawa iliyothibitishwa ya kuirudisha retina iliyoumizwa na jua. Wengi hupata nafuu wenyewe kati ya miezi 3 na 6. Wengine hubaki na doa dogo la katikati maisha yao yote. Mbona basi uende? Kwanza kwa sababu si kila doa linatokana na mwanga, na mengine yana tiba. Pili, ili usinunuliwe matone dukani. Matone yenye steroidi yakitumiwa ovyo hupandisha presha ya jicho na kuongeza tatizo juu ya tatizo. Kwa muda huo usiendeshe bodaboda wala usishike usukani wa boti usiku.

Ukiona mimweko ya mwanga hata ukifumba macho, vidoa vyeusi vingi vinavyoelea kwa ghafla, au kama pazia linaloshuka upande mmoja, usisubiri kesho. Huenda retina inabanduka, na hapo kila saa ina thamani.

Kabla ya kuondoka nyumbani andika tarehe, saa, ulitazama nini, kwa muda gani, kwa jicho lipi, na kama kulikuwa na darubini au miwani. Beba ile karatasi ya miraba uliyochora doa. Ikiwa ni leza, ibebe nayo, betri zikiwa zimetolewa, maana daktari atataka kusoma maandishi yake.